//Kabbo, mfungwa aliyefungua siri ya michoro ya miambani

MWEZI uliopita mama mmoja, jirani yangu hapa Rumonge, alinifuata shuleni wakati wa mapumziko. Mama huyu ni mfanyabiashara wa mpakani. Kila wiki huvuka Mugina kwenda Manyovu na Kigoma kununua vitenge na sabuni, na kama ilivyo kwa wengi wetu tuliorejea kutoka Tanzania, hesabu zake zote huzipiga kwa Kiswahili.

Alifungua fundo la kitenge chake akanitolea sarafu moja. Alisema aliipata katika chenji, imechanganyika na sarafu za shilingi mia tano, na kila anayempa anaikataa. Nikavaa miwani. Ilikuwa sarafu ya randi tano ya Afrika Kusini. Upande mmoja una nembo ya taifa lile, na chini ya nembo kuna maandishi madogo yenye mistari na alama ya mshangao mahali ambapo sisi tungeweka herufi.

Mama akaniuliza, mwalimu, hii ni lugha gani? Nikamwambia ni lugha ya watu walioitwa /Xam, na kwamba leo hakuna mtu hata mmoja duniani anayeizungumza. Alicheka sana. Akataka kujua ni serikali gani hiyo inayoandika kwenye pesa yake maneno ambayo hakuna raia anayeyasema.

Kengele ililia kabla sijamjibu. Leo, ndugu msomaji, namjibu yeye na wewe pamoja, kwa kueleza maisha ya mzee mmoja ambaye bila yeye maneno yale yasingekuwepo kwenye sarafu wala mahali pengine popote.

Mtu wa Visima Vichungu

Mzee huyo aliitwa //Kabbo. Mistari miwili iliyo mbele ya jina lake ni sauti ya ulimi unaobofya shavuni, kama mtu anavyomhimiza punda aende. Wasomaji waliokaa Dodoma au kando ya Ziwa Eyasi wamewasikia Wasandawe na Wahadzabe wakizungumza kwa sauti za namna hiyo. Jina lake maana yake ni Ndoto.

Inakadiriwa alizaliwa karibu na mwaka 1815 katika nyika kavu iliyo kusini mwa mto Gariep, ambao Wazungu waliuita Orange. Leo ni Jimbo la Northern Cape, si mbali na mji wa Kenhardt. Walowezi wa Kizungu waliwaita watu wake Bushmen, yaani watu wa vichakani. Siku hizi wengi hutumia jina Wasan. Wao wenyewe, katika eneo lile, walikuwa /Xam.

Nchi ile ina mvua chache, hivyo mali yake kubwa ni maji. Kila ukoo ulikuwa na kisima chake, na kisima kilirithiwa kama sisi tunavyorithi shamba. Cha //Kabbo kiliitwa //Gubo, na Wazungu wakakiita Bitterpits, yaani Visima Vichungu. Kilikuwa cha babu yake, kikawa cha baba yake, kisha cha kaka yake mkubwa, na kaka alipofariki kikawa chake. Walichota maji wakayahifadhi katika maganda ya mayai ya mbuni, wakawinda swala kwa mishale yenye sumu, na wanawake wakachimba mizizi na kukusanya chakula cha porini.

Katika nchi hiyo hiyo kuna mawe meusi yaliyotapakaa juu ya vilima, na juu ya mawe hayo imechongwa michoro ya wanyama: pofu, tembo, kifaru, mbuni. Ukienda mbali zaidi mashariki, kwenye milima ya Drakensberg na Maloti, utakuta mapango yaliyojaa picha za rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Zote hizo ni kazi ya Wasan.

Uchoraji kusini mwa Afrika una umri ambao akili inasita kuukubali. Katika pango la Blombos, kwenye pwani ya kusini, wataalamu walitangaza mwaka 2002 kwamba wamepata vipande vya udongo mwekundu vilivyokwaruzwa mistari ya kupishana, vyenye umri wa miaka ipatayo 77,000. Mwaka 2018 wakatangaza kijiwe cha pango hilo hilo chenye mistari tisa iliyochorwa kwa udongo mwekundu, umri wake miaka ipatayo 73,000. Nchini Namibia liko pango linaloitwa Apollo 11, kwa sababu mchimbaji wake alikuwa huko mwaka 1969 zilipotangazwa habari za binadamu kutua mwezini. Humo yalipatikana mawe bapa yenye picha za wanyama zilizochorwa kati ya miaka 27,000 na 30,000 iliyopita.

Wataalamu wa vinasaba nao wanasema ukoo wa Wasan ni miongoni mwa matawi ya kale kabisa ya binadamu wote walio hai. Kwa hiyo //Kabbo, aliyekwenda gerezani kama mwizi katika nchi yake, alikuwa mtoto wa watu walioijua nchi ile kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kukamatwa

//Kabbo alipokuwa mtu mzima, wafugaji wa kondoo walikuwa wakisogea kaskazini mwaka hadi mwaka. Walifika na bunduki, wakakaa kwenye visima. Kondoo wakala majani ambayo mbegu zake watu walizikusanya kwa chakula, na swala wakakimbia. Mtu mwenye njaa alipochukua kondoo mmoja, ulitumwa msafara wa bunduki kuua watu wa kambi nzima. Hakimu mmoja wa Kizungu, Louis Anthing, alipeleleza mauaji hayo, na ripoti yake kwa serikali ya koloni la Cape ilichapishwa mwaka 1863. Iliwekwa kabatini.

Mwaka 1868 na 1869 koloni lilipigana vita na Wakorana kandokando ya mto Gariep, na polisi wakajaa katika eneo la Kenhardt. Wakati huo ndipo //Kabbo alipokamatwa kwa kosa la wizi wa mifugo. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikamatwa akiwa na familia yake wakila nyama ya swala. Mwanawe na mkwewe, /Han≠kass'o, walichukuliwa pamoja naye.

Walifungwa mikono, wakapelekwa kwa hakimu wa Victoria West. Usiku miguu yao ilitiwa kwenye mkatale. Mchana walibeba mawe ya kutengenezea barabara, mawe makubwa ya kuinua kwa kifua. Kisha wakapelekwa Cape Town, safari ya mamia ya kilomita, kwenye gereza la Breakwater.

Gereza hilo lilikuwa kando ya bahari. Wafungwa walivunja mawe na kujenga ukuta wa kuzuia mawimbi, kazi iliyoanzishwa kwa sherehe mwaka 1860 na mtoto wa Malkia wa Uingereza. Leo mahali pale watalii hula samaki na kupiga picha. Mtu aliyezoea kuhesabu maji kwa maganda ya mayai alijikuta anapasua mawe mbele ya maji yasiyo na mwisho na yasiyonyweka.

Nyumba ya Mowbray

Cape Town wakati huo aliishi Mjerumani aitwaye Wilhelm Bleek, mtaalamu wa lugha na mtunzaji wa maktaba. Huyu ndiye aliyeliingiza neno Bantu katika vitabu vya wataalamu, mwaka 1862, baada ya kuona kwamba lugha nyingi za Afrika zina neno moja la kumtaja mtu: abantu, bantu, watu. Sisi tunaosema Kirundi na Kiswahili tumo katika hesabu yake.

Mwaka 1870 Bleek alipata habari kwamba gerezani Breakwater kuna wafungwa 28 wa Kisan. Aliona kwamba lugha yao inakaribia kupotea, akaomba serikalini apewe mmoja aishi kwake ili amfundishe. Akapewa kijana aitwaye /A!kunta. Kijana alijua lugha vizuri lakini hadithi alizozijua zilikuwa chache. Basi Februari 1871 akaletwa pia mzee //Kabbo, katika nyumba ya Bleek kwenye kitongoji cha Mowbray.

Aliyefanya sehemu kubwa ya kazi ile alikuwa mwanamke, Lucy Lloyd, dada wa mke wa Bleek. Hakuwa amesomea lugha chuoni. Alikaa na mzee saa baada ya saa, daftari magotini. Ukurasa wa kulia aliandika maneno ya /Xam na kando yake Kiingereza. Alipokosea, mzee alirudia. Mzee alisubiri kalamu imalize, ndipo akaendelea.

Hapo, ndugu msomaji, naomba unisamehe nikisema kama mwalimu. Nimefundisha miaka mingi, na najua jinsi ilivyo vigumu kurudia jambo moja mara kumi kwa mtu asiyeelewa. Mzee huyu alifanya hivyo akiwa mfungwa, mbali na mke wake, akiwa amevaa nguo za kupewa. Katika nyumba ile wenyeji ndio waliokuwa wanafunzi na mfungwa ndiye aliyekuwa mwalimu.

Alifundisha habari za /Kaggen, vunjajungu, mwenye hila na miujiza, aliyemuumba pofu na kumpenda kuliko wanyama wote. Alieleza jinsi watu wake wanavyohisi kutekenywa mwilini kabla mgeni hajafika. Alieleza kisa cha mbwa mwenye njaa, jina lake Blom, aliyemwibia mfuko wa tumbaku, naye kwa uchungu wa kukosa tumbaku akautungia wimbo. Alisimulia safari yake ya treni, jinsi alivyokaribia kuanguka na mwanamke mmoja akamshika mkono akamvuta ndani. Katika watu wake alihesabiwa miongoni mwa watu wa mvua, wale wenye uwezo wa kuiita ije.

Haikuwa pepo. Miaka hiyo hiyo wafungwa wenzake kule Breakwater walipigwa picha wakiwa uchi, kando ya vijiti vya kupimia, kwa ajili ya wanasayansi wa Ulaya. Na //Kabbo mwenyewe alilalamika kwamba pale Mowbray anafanya kazi za nyumbani zinazofanywa na wanawake, na hana watu wa kutembelea. Kwao mtu hutoka kwenye kibanda chake akaenda kukaa na wenzake, wakavuta tumbaku, akasikiliza habari za mbali. Alisema hadithi husafiri kama upepo, na kule alikokuwa upepo huo haukumfikia.

Kusubiri mwezi

Kifungo chake kiliisha mwaka huo huo wa 1871. Angeweza kuondoka. Alikubali kubaki, kwa zaidi ya miaka miwili, kwa sababu alifurahia wazo kwamba hadithi za watu wake zitajulikana kwa njia ya vitabu. Yeye hakujua kusoma. Lakini alielewa, kuliko wengi waliosoma, kwamba watu wake wanamalizika na kwamba karatasi inaweza kubaki.

Wakati huo huo moyo ulikuwa nyumbani. Katikati ya mwaka 1873 aliwasimulia wenyeji wake jinsi anavyosubiri mwezi uzunguke na kumrudia, ili aondoke. Alitaka kukaa tena kwenye maji yake, kukusanya wanawe na wajukuu wapate mahali pa kuitwa pao. Alikuwa ameahidiwa bunduki, na alieleza kwa nini anaihitaji: mzee hawezi tena kumkimbilia swala kwa mishale, na mtu asiye na chakula chake hulazimika kuchunga kondoo wa wengine ili ale.

Nilipousoma mpango wake huo kwa mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo, kwa lugha nyingine.

Mimi nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya wakimbizi wa mwaka 1972. Nimesoma huko, kwa Kiswahili. Baba yangu kila jioni alitutajia shamba lake la Rumonge: mto uliopita chini yake, michikichi iliyopandwa na babu, jiwe la mpaka, jina la kila jirani. Alitaja kwa mpangilio ule ule kama mtu anayesali. Nasi watoto tulichoka kusikia.

Oktoba 1873 //Kabbo na /A!kunta waliondoka Mowbray kurudi kwao. Ilikubalika kwamba baada ya kuiona familia yake mzee atarudi Cape Town pamoja na mke wake, waendelee na kazi.

Hakurudi. Nchi ya visima ilikuwa ikiendelea kuchukuliwa, kupimwa na kukodishwa kuwa mashamba ya kondoo. Mtu wa Kisan alibaki kwenye ardhi ya babu yake kama kibarua, kama alibaki. Agosti 1875 Bleek alifariki akiwa na umri wa miaka 48. Lucy Lloyd akatuma tena ujumbe kumwita mzee. Alisubiriwa. Januari 1876 //Kabbo alifariki, miaka miwili na miezi michache tangu arejee.

Daftari kwenye kabati

Lloyd aliendelea peke yake. Mwaka 1878 na 1879 aliishi naye /Han≠kass'o, yule mkwe wa //Kabbo, ambaye alisimulia hadithi nyingi sana. Daftari zote za Bleek na Lloyd zina kurasa zaidi ya 12,000. Mwaka 1880 Lloyd aliondolewa kazini kwenye maktaba, na kwa miaka thelathini alizunguka na maandishi ambayo wachapaji hawakuyataka. Kitabu kilitoka London mwaka 1911. Mwanzoni mwake ilitiwa picha ya kuchorwa ya //Kabbo. Lloyd alifariki mwaka 1914.

Katika mwaka 1910 na 1911 binti wa Bleek, Dorothea, aliyezaliwa Mowbray mwaka ule ule //Kabbo alioondoka, alikwenda Prieska na Kenhardt kuwatafuta watu wa mzee. Aliwakuta wachache, wazee, wanaofanya kazi kwenye mashamba ya watu. Hadithi walikuwa wamezisahau. Katika muda usiofika miaka 40, kilichobaki cha watu wale kilikuwa kimehamia kwenye daftari.

Sasa turudi kwenye mawe. Kwa muda mrefu Wazungu waliitazama michoro ya mapangoni kama michezo ya watu wasio na kazi, au uchawi wa kuvuta wanyama wawindwe. Wengine walidai kwamba picha nzuri namna ile haiwezi kuwa ya Mwafrika, lazima ilichorwa na wageni wa kale kutoka kaskazini. Wenye kujibu walikuwa wameuawa au wamesahauliwa.

Mtafiti wa Afrika Kusini, David Lewis-Williams, alizisoma daftari za Mowbray ukurasa kwa ukurasa, na mwaka 1981 akatoa kitabu kilichobadilisha mambo. Alilinganisha maneno ya //Kabbo na wenzake na yale ambayo Wasan wa Kalahari bado waliyasema na kuyacheza. Akaona kwamba picha ni habari za dini.

Kwa mfano, katika pango la Game Pass, kwenye milima ya Drakensberg, amechorwa pofu anayekufa, kichwa kimeinama, miguu ya nyuma imepishana. Nyuma yake amesimama mtu ameshika mkia, naye miguu yake imepishana vile vile. Mtazamaji wa zamani aliona mwindaji na mnyama. Aliyesoma daftari anaona mganga katika ngoma ya uponyaji, aliyezama mpaka akawa kama mtu anayekufa, akichukua nguvu ya pofu ili awaponye watu wake. Daftari zinaeleza waganga wanaotoka damu puani wakiwa katika hali hiyo, na miambani wamo watu wanaotoka damu puani. Daftari zinaeleza mnyama wa mvua anayevutwa kwa kamba apite juu ya nchi kavu, na mnyama huyo naye yumo miambani.

//Kabbo hakuwahi kuulizwa habari za picha za milimani. Picha zilizonakiliwa zilifika mikononi mwa Bleek baada ya yeye kuondoka. Hata hivyo maneno aliyoyaacha kuhusu vunjajungu, pofu na mvua ndiyo yaliyokuwa ufunguo. Mawe yalikuwepo siku zote. Kilichokosekana ni mtu wa kuyasemea.

Katika miaka ya 1980 mtafiti mwingine, Janette Deacon, alichukua ramani ndogo ambazo Bleek alizichora kwa maelekezo ya mzee, akazifuata mpaka nyikani. Akavipata Visima Vichungu. Mzee alikuwa ameelekeza njia ya kwao bila kukosea, akiwa amekaa chumbani Cape Town.

Mwaka 1997 daftari zile ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu za Dunia. Na tarehe 27 Aprili 2000 Rais Thabo Mbeki alizindua nembo mpya ya Afrika Kusini. Watu wawili wanaosalimiana katikati ya nembo wametokana na jiwe la Linton, kipande cha mwamba wenye picha za Wasan kilichokatwa mwaka 1917 na kuhifadhiwa katika jumba la makumbusho la Cape Town. Maneno yaliyo chini yake, !ke e: /xarra //ke, yanatafsiriwa kwamba watu walio tofauti waungane. Ni lugha ya /Xam, na yalitungwa kwa msaada wa Lewis-Williams, kutokana na daftari za Mowbray.

Kwa hiyo, mama, hiyo ndiyo serikali inayoandika kwenye pesa maneno yasiyo na msemaji. Haikuweza kuwapendelea Wazulu, Waxhosa wala Makaburu. Ikachagua lugha ya wale waliotangulia, ambao hawapo tena kudai chochote.

Cha kwetu

Nilirejea Burundi mwaka 2009 pamoja na baba. Mto tuliukuta. Jiwe la mpaka tulilikuta. Michikichi ya babu ilikuwa inavunwa na familia nyingine iliyokuwa na karatasi zake na watoto waliozaliwa pale. Baada ya mashauri marefu tuligawana nusu kwa nusu, na wengi miongoni mwenu mnajua jinsi nusu hiyo inavyoonekana mkifika watoto sita. Baba aliishi miaka miwili baada ya hapo.

Nilikuwa mwalimu. Nilikuwa na kalamu, chaki na daftari za bure kila mwanzo wa mwaka. Sikuandika hata mstari mmoja wa yale aliyoyasema kila jioni kule Ulyankulu. Leo mdogo wangu akiniuliza jina la jirani wa upande wa mto, au nani alichimba kisima cha chini, nabuni. Lucy Lloyd, mgeni kabisa, aliandika kila neno la mzee asiye wake. Mimi mzee alikuwa wangu.

Kuna jambo jingine linalonisumbua. Wazulu na Waxhosa humwita Msan umThwa, na wakiwa wengi abaThwa. Sisi Warundi hatuhitaji kufafanuliwa neno hilo. Tunao majirani wenye jina hilo hilo, nasi tunakiri kwamba walitutangulia katika nchi hii. Tangu Katiba ya 2005 wana viti vyao bungeni. Lakini katika mashauri ya ardhi niliyohudhuria, kila mtu alitaja babu yake, na sikumbuki mtu aliyegeuka kuwauliza wao walipanda nini na wapi.

Tangu mwaka jana wanafunzi wangu wa darasa la sita wana daftari la ziada. Kazi yao ni moja: wakae na bibi, babu au mzee wa jirani, wa kabila lolote, waandike anayosema kama anavyoyasema, kwa Kirundi au Kiswahili, bila kumsahihisha. Wengine wameleta kurasa mbili. Mmoja ameleta daftari zima na kuomba jingine. Wewe uliye mpakani na unakaa saa nne ukisubiri gari lijae, una muda wa kutosha kumuuliza mzee aliyekaa kando yako.

Jumamosi nilikwenda kumsimulia mama yule habari hizi gengeni kwake. Alisikiliza mpaka mwisho huku akikunja vitenge. Kisha akaniuliza swali moja tu: yule mzee, kisima chake alikipata?

Nikamwambia hapana, hakukipata.

Alinyamaza kidogo. Akaichukua ile sarafu, akaifunga tena kwenye fundo la kitenge, akasema hataitoa kwa mtu.